Usukani wa Corvette za Zamani: Kipuri Kipya Bila Kusawazisha Valvu ni Kazi Nusu

Chevrolet Corvette ya kizazi cha pili ilipotoka mwaka 1963, mnunuzi aliweza kwa mara ya kwanza kuiagiza ikiwa na usukani wa pawa. Mfumo huo, kwa mabadiliko madogo tu, uliendelea kutumika hadi kizazi cha tatu kilipokoma mwaka 1982. Magari hayo sasa yamekula chumvi, na sehemu zake za usukani huvuja mafuta. Vipuri vipya vinapatikana bila shida nchini Marekani, na kuvifunga si kazi ya kutisha. Hata hivyo, gari hutoka gereji likiwa kavu chini, lakini likifika barabarani linavuta upande mmoja. Mwenye gari hulaumu kipuri. Mara nyingi kipuri hakina kosa.

Ili kuelewa sababu, tuangalie kwanza mfumo wenyewe. Katika magari mengi yaliyofuata, mafuta ya presha hufanya kazi ndani ya boksi ya stelingi. Kwenye Corvette hizi, boksi ni ya kawaida kabisa na haipitishi mafuta ya presha. Msaada unatoka nje yake. Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini hupeleka mafuta kwenye valvu iliyofungwa mwishoni mwa baa ya kati, ile inayounganisha magurudumu ya mbele. Valvu hugawa mafuta kwenda kwenye silinda. Mwili wa silinda umeshikwa na baa hiyo, na rodi yake imefungwa kwenye chasisi. Hosi nne zinaunganisha vyote: mbili kati ya pampu na valvu, mbili kati ya valvu na silinda.

Dereva anapokata kona, mkono wa pitman, ule unaotoka kwenye boksi ya stelingi, husukuma bolti yenye kichwa cha mviringo iliyo ndani ya valvu. Bolti hiyo husogeza spuli kidogo sana, njia moja ya mafuta inafunguka, na silinda inasukuma baa upande uleule anaoutaka dereva. Usukani ukiwa umenyooka, spuli inatakiwa kukaa katikati kabisa, presha iwe sawa pande zote mbili. Hapo ndipo penye siri ya kazi nzima.

Hatua ya kwanza ni kutafuta mvujo unapoanzia. Valvu iko chini, hivyo mafuta yanayotoka kwenye pampu au kwenye hosi huteremka na kudondokea hapo, na valvu nzima ikahukumiwa bila kosa. Fundi makini huosha mfumo wote, huukausha, huwasha injini, kisha msaidizi hugeuza usukani huku yeye akiangalia kwa tochi unyevu unatokea wapi kwanza.

Silinda inastahili uangalifu wa pekee. Rodi yake iko wazi, inapigwa na maji na mchanga wa barabarani. Pitisha ukucha polepole juu ya rodi, kutoka mwisho hadi mwisho. Ukucha ukikwama kwenye kishimo cha kutu, usihangaike kununua sili peke yake, kwa sababu kishimo hicho kitaichana sili mpya kila rodi inapoingia na kutoka. Silinda hiyo ibadilishwe yote. Rodi ikiwa laini, sili mpya na raba mpya za pale inaposhikwa na chasisi zinatosha.

Katika kufungua, kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, bolti ya valvu itenganishwe na mkono wa pitman kwa kifaa cha kuvutia, si kwa uma wa kugongea, maana uma huchana raba ya kuzuia vumbi. La pili, valvu imefungwa kwa nyuzi kwenye baa ya kati. Kabla ya kuitoa, weka alama, na wakati wa kuizungusha hesabu mizunguko hadi itoke. Valvu mpya ikiingia kwa mizunguko ileile, urefu wa baa haubadiliki sana. Kwa upande wa pampu, puli haigongwi kwa nyundo kamwe. Pigo hufika kwenye shafti na kuharibu sehemu za ndani.

Hosi zibadilishwe zote nne kwa pamoja. Zile zinazotoka kwenye pampu hujikunja kila usukani unapogeuzwa, kwa kuwa pampu imetulia kwenye injini na valvu inatembea. Zikazwe magurudumu yakiwa yamenyooka, zisijisokote, na zikae mbali na joto la ekzosi.

Baada ya hapo magurudumu ya mbele yainuliwe, gari likae juu ya stendi imara, mafuta yajazwe, na usukani ugeuzwe taratibu mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa. Kisha injini iwashwe na zoezi lirudiwe bila kuubana usukani mwishoni. Mafuta yenye povu bado yana hewa.

Sasa inakuja hatua inayorukwa. Rodi ya silinda inafunguliwa kutoka kwenye chasisi na injini inawashwa, vidole vikiwa mbali, kwani rodi inaweza kufyatuka kwa nguvu. Valvu isipokuwa sawa, rodi itatoka au itaingia yenyewe. Chini ya kifuniko kidogo mwishoni mwa valvu kuna nati. Ikiwa rodi imeingia ndani, nati huzungushwa kufuata mwelekeo wa saa hadi rodi ianze kutoka, kisha hurudishwa hadi ianze kuingia. Nati inaachwa katikati ya pointi hizo mbili. Ukifanikiwa, rodi itasogea kwa mkono kwenda na kurudi, na ukiiachia itatulia. Hapo ndipo inaporudishwa kwenye chasisi, na gari likapimwe alaimenti.

Valvu ambayo haikusawazishwa hupeleka presha upande mmoja hata dereva asipogusa chochote. Ndiyo maana gari huvuta, na hakuna alaimenti itakayoliponya.

Wapo wanaoamua kuondoa mfumo huu na kuweka boksi ya kisasa yenye pawa ndani yake, kama ile ya Borgeson. Kwa mtu anayeendesha gari kila siku, huo ni uamuzi wa busara: hosi zinapungua, valvu na silinda vinaondoka. Lakini gari linapoteza uhalisia wake, jambo linalopewa uzito mkubwa na chama cha National Corvette Restorers Society, kilichoanzishwa mwaka 1974, kinapokagua magari.

Kwa maoni yangu, mfumo wa asili unastahili kutunzwa, na lawama nyingi unazopewa si haki yake. Ukimpa fundi kazi hii, muulize swali moja kabla ya kumlipa: valvu umeisawazisha rodi ikiwa imefunguliwa? Kama hajafanya hivyo, kazi bado haijaisha.