Video za kucha zinafundisha nini hasa?

Tangu nimalize lisansi yangu ya kilimo, nimeangalia video za kucha kuliko nilivyosoma kozi zangu zote za mwaka wa pili. Mega zimeisha, macho yameuma. Kwa hiyo niko na haki ya kusema kitu juu yake, sababu karibu kila wiki kuna mdogo wetu ananiandikia: "Yaya, mimi pia nataka kujifunza makucha, unitumie link."

Nianze na sifa, juu hizo video hazistahili matusi tu. Ule mstari mweupe wa frenchi, hakuna kitabu kinaweza kukuelezea vile mkono unapunguza mwendo ukifika kwenye kona. Lazima uone. Na lugha haizuii kitu. Nyingi zilizonifaa ni za Warusi na za Wavietnamu, sielewi hata neno moja, lakini mkono nauelewa.

Shida iko kwenye mkasi. Video ya dakika moja inaanza na kucha iliyo safi tayari, inaingia moja kwa moja kwenye rangi na maua, inaisha na mkono unang'aa. Kazi ya nusu saa iliyotangulia imekatwa: kusukuma ngozi pole pole, kutoa ile iliyokufa juu ya kucha, kupitisha tupa laini bila kukula kucha yenyewe, kukausha mafuta, kupaka jeli nyembamba bila kugusa ngozi. Kumbe fundi njo pale anajulikana. Ni kama profesa wa mahindi akupeleke shambani siku ya kuvuna tu, kisha akuambie: umeona, sasa enda ulime.

Tena kucha haihukumiwi siku ile ile. Inahukumiwa wiki ya tatu, jeli ikianza kunyanyuka pembeni na maji ya kufulia yakiingia chini. Kucha ya mkono inakua karibu milimita 3 kwa mwezi. Ukiikwangua mpaka ikawa nyembamba kama karatasi, mtu anaweza kungoja karibu miezi 6 ndipo itoke mpya yote. Hakuna video inangoja miezi 6.

Hilo nililijua kwa mkono wa binti ya mama yangu mkubwa. Niliona mtu kwenye video anatumia tupa ngumu, namba 100, anasugua kwa nguvu. Sikuona kwamba alikuwa anasugua akriliki ya zamani, juu video ilianzia katikati. Mimi nikasugua kucha yenyewe. Alipoingiza vidole kwenye taa, akapiga kelele, akavitoa mbio. Jeli ikiwa inakauka inatoa joto, na kucha iliyokonda haimkingi mtu. Kwa miezi alikuwa anaficha mikono hata kanisani. Hakunigombeza, na ile ilinichoma zaidi. Mpaka leo anatengenezewa kucha kwingine.

Nikasema basi, nilipe mwalimu. Dola 60, wiki tatu, mahali fulani hapa Bukavu sitapataja. Wandugu, walituwekea video zile zile kwenye televisheni! Mwishoni tukapewa karatasi yenye muhuri. Tulikuwa kumi na moja, na nadhani hakuna aliyeshika mkono wa mteja zaidi ya mara mbili.

Kuna jambo lingine video zinanyamazia kabisa, na mtu aliyesoma kemia hata kidogo angepaswa kuuliza. Jeli ambayo haijakauka vizuri, ikigusa ngozi mara kwa mara, inaweza kuleta aleji: vidole vinawasha, vinavimba, ngozi inapasuka. Aleji hiyo ikishaingia kwa kawaida haitoki tena, na vitu vya jamii hiyo hiyo daktari wa meno anavitumia kuziba jino. Anayeshika jeli kila siku ni fundi, kwa hiyo hatari ya kwanza ni yake. Ulaya, jeli zenye kitu kinachoitwa HEMA zimewekewa sharti zitumiwe na mafundi tu, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 wamekataza kingine, TPO, kilichokuwa kinasaidia jeli kukauka chini ya taa. Sisi tunanunua chupa isiyo na hata orodha ya vilivyomo, tunaikausha na katoto ka taa kama panya wa kompyuta, na umeme unakatika katikati ya tabaka la pili. Nionyesheni video moja inayosema ufanye nini hapo.

Nikirudi kwa Wavietnamu: hawakuanza na video. Mwaka 1975, mwigizaji wa Marekani Tippi Hedren alimleta fundi wake wa kucha kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Sacramento, California, awafundishe wanawake 20 waliotoka Vietnam. Wakaendelea kwenye shule ya urembo, wakafanya mtihani wa serikali, wakapata leseni. Leo sehemu kubwa ya mafundi wa kucha wa Marekani wana asili ya Vietnam. Mtu alishika mkono wa mtu, na baadaye mtu mwingine akaupima.

Mimi niliishia kwa mama mmoja mwenye saluni ndogo Kadutu, asiye na karatasi yoyote ukutani. Siku ya kwanza alinicheka: "Weye uliyesoma kilimo, unakuya kupaka batu makucha?" Kisha akaninyima rangi miezi miwili. Kusafisha tu, kusukuma ngozi tu, kutoa jeli ya zamani bila kung'oa. Nilichoka, nilimchukia kidogo. Wateja niliowatayarisha mimi walipoanza kurudi wiki ya nne jeli ikiwa bado imeshika, njo akanipa brashi.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia juzi: link sitakutumia. Kuya Jumamosi saa mbili asubuhi, na ujikate kucha zako kwanza. Rangi hutaigusa.