Ua Wenye Mizizi

Babu yangu mzaa mama alikuwa na mapanga mawili. La kwanza lilikuwa la shamba: lilikata miti, lilipasua kuni, lilishusha mikungu ya chikichi, na yeyote nyumbani aliruhusiwa kulichukua. La pili lilikuwa la ua. Hilo lililala juu darini, limezungushiwa kitambaa chenye mafuta ya mawese, na hakuna aliyeligusa bila ruhusa yake. Kila Jumamosi, jua likishapoa, alilishusha, akalipitishia tupa mara chache, kisha akaanza kuuzunguka ua wa lupango lake, yaani kiwanja chake, taratibu, akipunguza hapa jani, pale kijitawi. Nilipokuwa mtoto nilidhani anapoteza muda, maana baada ya kazi ya saa nzima ua ulikuwa haujabadilika. Siku moja nikamuuliza, “Babu, mbona unakata na ua uko vilevile?” Akanijibu bila kugeuka: “Mjukuu wangu, uko vilevile kwa sababu ninaukata.”

Nimekaa na jibu hilo miaka mingi. Leo naandika kuisifu kazi aliyokuwa akiifanya, kazi ya kupanda na kutunza ua hai, kwa sababu mahali petu inahitajika kuliko tunavyodhani.

Salamabila, mji wetu katika Maniema, mashariki mwa Kongo, ni mji wa dhahabu, na katika mji wa dhahabu vitu hujengwa kwa haraka. Turubai hutandazwa leo, kesho ni duka. Bati hupigiliwa misumari asubuhi, jioni watu wamelala ndani. Mgodi mkubwa wa Namoya, jirani yetu, ulitangazwa kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Mwaka 2019 kazi ikasimamishwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Ilipita miaka mitatu na miezi kadhaa. Huo ndio muda ambao ua uliopandwa vizuri huhitaji ili ufunge, yaani matawi yashikane hata kuku asipenye. Mtu aliyechomeka vipandikizi vyake mvua za 2016 alikuwa na ukuta wa majani siku mitambo iliponyamaza, na ukuta ule haukumuuliza bei ya dhahabu ni ngapi.

Kiswahili kimetoa neno moja kwa vitu viwili. Ua hili hunusiwa. Ua huu huwakusanya watu ndani yake. Wingi ndio huvitenganisha: maua na nyua. Labda ni sauti tu zilizokutana njiani. Lakini aliyewahi kuona haibiskasi zilizopandwa kwa mstari zikifunguka alfajiri, nyekundu kutoka pembe hadi pembe ya lupango, ameona maneno yote mawili yakisimama juu ya mzizi mmoja.

Maniema iliwahi kujua ua wa namna nyingine. Katika karne ya 19, misafara ya Waungwana kutoka pwani ilipofika Nyangwe na Kasongo, ilijua kujenga boma: magogo yaliyochongwa ncha, yakasimamishwa ardhini yakigusana. Boma ni ua uliozaliwa na hofu, na hofu ilikuwa na sababu zake. Ilikuwa ni nchi ya kukamata na kukamatwa. Ni sokoni Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone aliposhuhudia watu wakipigwa risasi na kuzama mtoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Mwaka 1893 majeshi ya Mfalme Leopold wa Pili, yakiongozwa na Francis Dhanis, yaliingia Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili, na mbao zilizochongwa ncha hazikuyazuia. Magogo yakaoza. Kilichobaki ni kile kilichotiwa ardhini kikiwa hai: mpunga tunaoula, michungwa, miembe. Na lugha hii ninayoandikia ilifika kwetu kama kipandikizi kutoka pwani ya mbali. Ikashika udongo wa Maniema, ikatoa majani yenye sura ya hapa, na leo hatuwezi kuzungumza na jirani bila kukaa kwenye kivuli chake.

Hata kwa ua wa kawaida wa nyumbani, kilichokufa hakidumu. Ua wa fito hupendeza mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili mchwa wameshapanda, mwaka wa tatu unaegemea, na mwenye nyumba anarudi msituni kukata fito nyingine. Kila mara msitu umesogea mbali zaidi na mabega yake yamezeeka zaidi. Ua hai huenda kinyume: kila mwaka unaopita huuongezea nguvu, na matawi yanayokatwa humrudia mwenyewe kama matandazo ya bustani au vipandikizi vya kumpa jirani.

Miti ya kazi hii si migumu kupatikana. Mbono, ule ambao Watanzania huuita mbono kaburi, ulitoka Amerika ya kitropiki na umezoea sehemu nyingi za Afrika. Mbuzi hawaugusi, na mbegu zake zina mafuta ya kutengenezea sabuni na kuwashia taa. Lakini mbegu hizo ni sumu, na penye watoto wadogo lazima ziokotwe. Mnyaa huota hata kwenye udongo wa mawe. Kipande chake kiachwe kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, kisha kichomekwe. Utomvu wake mweupe huunguza macho vibaya, kwa hiyo anayeukata hujifunga nguo ya mikono mirefu, hukaa upande upepo unakotoka, na huweka ndoo ya maji karibu. Haibiskasi ni ya mtu mvumilivu apendaye uzuri. Na anayetaka mpaka unaosomeka kutoka mbali hupanda mti wenye majani marefu kama panga, ule ambao Wachaga wa Kilimanjaro huuita isale.

Kupanda kuna adabu yake. Kwanza kamba, kwa sababu ua uliopinda siku ya kwanza utapinda hadi wajukuu. Vigingi viwili, kamba iliyokazwa, kisha mtaro wenye kina cha jembe, udongo uliochanganywa na samadi au majivu ya jikoni. Wakati mzuri ni pale mvua za Septemba zinaposhuka baada ya kiangazi cha Juni hadi Agosti, ili mti upate miezi mingi ya unyevu kabla ya kukutana na jua kali. Kati ya kipandikizi na kipandikizi acha shubiri moja. Mwenye haraka huchomeka matawi, nayo hushika upesi. Mwenye kuona mbali huotesha mbegu, kwa sababu mbono uliotoka kwenye mbegu hushusha mzizi mkuu, na ua wenye mzizi mkuu husimama imara zaidi kwenye upepo na kwenye kiangazi.

Kisha inakuja kazi inayoumiza moyo. Mche umefika magotini, unachanua majani mapya, mwenye nao anaufurahia. Na hapo ndipo anapotakiwa kuukata kichwa. Wengi hushindwa. Wanauacha upande, na baada ya mwaka wana mstari wa fimbo ndefu zenye majani juu na uwazi chini, mahali ambapo mbuzi hupita akiwa amesimama wima. Siri iko kwenye ncha. Ncha ya tawi hushusha kemikali inayoyalaza macho yaliyo chini yake. Ikiwa hai, yenyewe ndiyo hukua. Ikatwe, macho ya chini huamka, na penye tawi moja hutoka mawili, matatu. Kila urefu wa shubiri ua unaoupata, urudishe nusu. Ua hupanda kwa kupunguzwa. Wazee waliosema samaki mkunje angali mbichi wangeielewa kazi hii bila kufundishwa.

Baada ya kukata kichwa, jambo la pili ni umbo. Chini pawe pana, juu pawe pembamba kidogo, ili jua liyafikie hata majani yanayokaribia ardhi. Jani lisiloona jua hudondoka, na ua wenye kichwa kikubwa huishia kuwa na miguu mitupu. La tatu ni pengo. Tawi likifa, usilizibe kwa bati. Chukua tawi la jirani yake lililo hai, lilaze hadi ardhini, likwaruze kidogo upande wa chini, lifukie udongo, libane kwa kigingi. Baada ya miezi kadhaa litatoa mizizi yake lenyewe. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye ua huo si mfano wa maneno, ni hesabu ya bati na misumari.

Ndugu wa kazi hii wako mbali pia. Ulaya wana mti mfupi uitwao buksi, wenye majani madogo magumu ya kijani kizito. Ndugu zake wa ukoo huohuo humea porini katika bara letu, mmoja wao kwenye misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Karibu miaka 1900 iliyopita, Mrumi Pliny Mdogo alieleza kwa barua jinsi bustani yake ilivyokuwa na buksi zilizokatwa sura za wanyama na hata herufi za jina lake. Mti huo hukua polepole mno hata mbao yake ni nzito kiasi cha kuzama majini, na mafundi waliipenda kwa vitana na kwa kuchonga picha za kuchapia vitabu. Huko Ubelgiji na Ufaransa, ambako michikichi haioti, Wakatoliki huenda kanisani Jumapili ya Matawi wakiwa na vijitawi vya buksi. Hilo hunigusa kila mwaka nikiwaona waumini wa jimbo letu la Kasongo wakipunga makuti mabichi. Mtu hubeba mbele ya Mungu kile ambacho ardhi yake imemkubalia.

Lakini buksi imewapa wenyewe somo la uchungu. Tangu miaka ya 1990 ukungu ulioonekana kwanza Uingereza umekuwa ukikausha nyua zilizotunzwa kwa vizazi. Baadaye kiwavi wa nondo kutoka Asia Mashariki akaingia Ujerumani na kusambaa nchi hadi nchi, akila majani hadi tawi linabaki jeupe. Ukungu ule husafiri kwa matone ya maji, majani yaliyoanguka na makali ya mikasi isiyosafishwa. Kwa hiyo wakulima wao leo hukata majani yakiwa makavu, hufuta makali kabla ya kuhamia mti mwingine, na hawapandi tena mti wa aina moja bustani nzima. Niliposoma hayo nilikumbuka kitambaa cha babu chenye mafuta. Hakusoma habari za ukungu. Alijua tu kwamba panga la ua haliendi kukata kitu kilichooza, na kwamba mbono uchanganywe na haibiskasi, ili gonjwa likija lisimkute kila mtu mlangoni.

Ua hai una kazi nyingine, nayo kwetu ni kubwa kuliko kuzuia mbuzi. Huweka amani. Uchagani, mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba radhi, na aliyepelekewa huona uzito kukataa. Jani la mti uleule unaotenganisha mashamba ndilo linalorudisha undugu. Kwa Wahaya mti huo huitwa kwa neno linalotokana na kuamua shauri, kwa sababu penye mti huo pana shahidi. Jiwe la mpaka husogezwa usiku. Mti wenye mizizi ukisogezwa hufa, na kufa kwake ni ushahidi. Majirani wawili wanaokata ua mmoja, kila mtu upande wake, hulazimika kuonana, kusalimiana, kukubaliana urefu.

Nasi tunajua maana ya kukosa amani; tunajua kukimbia. Katika eneo letu la Kabambare familia nyingi zimeacha nyumba zaidi ya mara moja, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Nyumba ya udongo ikiachwa bila mtu misimu miwili ya mvua hulala chini. Bati huchukuliwa. Fito huwa kuni za wapita njia. Anayerudi hukuta majani yamefika kifuani na hajui sebule ilikuwa wapi. Lakini aliyepanda ua hukuta mstari bado umesimama, umerefuka, umechafuka, umejaa matawi yasiyo na adabu. Na mstari huo humwambia, hapa ndipo. Kazi ya kwanza huwa ni kutafuta panga.

Ndiyo maana nasema kupanda ua hai ni kutamka kwamba utabaki. Dhahabu humlipa anayechimba na kuondoka. Ua humlipa anayerudi kila Jumamosi.

Ewe msomaji, mvua za Septemba hazitakawia. Nenda kwa jirani mwenye ua mzuri, mwombe vipandikizi, naye hatakunyima kwa sababu hata hivyo angevikata. Vuta kamba, chimba mtaro, chomeka. Mwite mtoto akushikie mwisho wa kamba, na mwaka ujao mpe panga akate kichwa cha kwanza kwa mkono wake. Nyumba utakazomwachia zinaweza kuanguka. Mfundishe kitu kinachochipua kikikatwa.