Randa ya Mjomba

Mnunuzi wa tatu alikuja na mizani. Ilikuwa ile ya kuning'iniza, yenye ndoano, wanayotembea nayo vijana wa vyuma chakavu, akaitundika kwenye tawi la mwembe uani kwa mjomba, Picha ya Ndege, Kibaha. Akapima jiriwa. Akapima misumeno mitatu iliyofungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli. Alipofika kwenye randa aliigeuza huku na huku, kisha akainua nyundo auvunje mpini, maana chuma hununuliwa kwa kilo na mti haununuliwi.

“Hapo pana skrubu, mwanangu,” mjomba alisema.

Akasogea, akatoa bisibisi mfukoni, akaifungua taratibu kama mtu anayemvua shati mtoto aliyelala. Mpini ulipotoka akautia mfukoni mwake, akamrudishia kijana chuma kitupu. Mimi ndiye niliyeshika daftari. Nikaandika: randa, kilo mbili kasoro.

Mpini ule aliuchonga mwenyewe mwaka 1979, ule wa kiwandani ulipopasuka. Aliuchonga kwa mpingo, mti ambao kiini chake huzama majini na ambao huko Ulaya hutengenezewa klarineti na obo. Kuupa mpingo umbo la kiganja kwa tupa na msasa ni kazi ya jioni nyingi. Lakini si tupa iliyoumaliza; uliomaliza kazi ni mkono wake, kwa miaka 40 na ushei ya kusukuma. Pale kidole gumba kinapolala pamebonyea kama kinoo kilichotumika sana. Ubavuni kuna mfereji mdogo wa kidole cha shahada, kwa sababu mjomba akiranda hukinyoosha kidole hicho mbele, kikitangulia kuonyesha njia. Nimewahi kuushika mpini huo nikiwa mtu mzima. Haukunikubali. Kila nilipokaza vidole, nilikuta mahali pameshakaliwa.

Alikuwa anahama. Alikuwa na miaka 74, mkewe hakuwapo tena, na nyumba ya vyumba vinne pamoja na karakana ya mabati nyuma yake ilikuwa imemshinda kufagia, achilia mbali kuitunza. Alikuwa anarudi Maneromango, Kisarawe, alikozaliwa, kwenye nyumba ya vyumba viwili waliyomjengea watoto wake. Ulikuwa uamuzi wa busara na hakuna aliyemlazimisha. Hilo nalisema mapema, kwa sababu haya ninayoyaandika si malalamiko dhidi ya watoto wake, ambao ni ndugu zangu na wamefanya la heshima.

Nilianza kuijua karakana ile katika likizo za Desemba, nikiwa darasa la tatu au la nne. Asubuhi jua liliingia kwa dirisha la mashariki na kulala juu ya benchi, na mjomba alingoja saa hiyo makusudi, kwa kuwa jua la ubavuni huonyesha kila kovu la mbao ambalo jua la utosini hulificha. Randa iliyonolewa vizuri haipigi kelele. Hutoa mlio mmoja mrefu, kama doti ya kanga inayochanwa katikati, na utepe wa mbao huchomoza mgongoni mwake ukijikunja. Aliuokota utepe mmoja, akaunyoosha mbele ya dirisha, akaniambia niweke mkono wangu nyuma yake. Niliuona mkono wangu mzima kupitia kwenye mbao, mwekundu kidogo, kama unavyouona ukifunika taa ya tochi kwa kiganja. “Ukijiona hivyo, mjomba, ujue kisu kinakata.” Ilikuwa mninga. Harufu yake nikiikumbuka hata leo, ndani ya daladala au ofisini, hunisimamisha.

Maranda yalijazwa kwenye magunia, na majirani waliofuga kuku walikuja kuyachukua bure. Miko na vijiko alivyomchongea bibi hakuvimalizia kwa karatasi ya dukani. Alitumia majani ya msasa, mti uleule ulioipa karatasi hiyo jina. Alisema karatasi hukwaruza na jani hubembeleza. Sijui kama kuna seremala wa umri wangu anayeweza leo kuutambua mti huo akipita kando yake, na mimi mwenyewe nilionyeshwa mara moja tu.

Tena kulikuwa na sanduku la vipande. Kila kazi iliyokwisha, mjomba alitunza kipande kimoja cha mabaki, kisichozidi urefu wa kiganja, akakiandika kwa penseli: mninga, mlango wa mama, 1981. Mkongo, kitanda cha tano kwa sita, harusi ya dada, 1986. Mvule, meza ya shule. Hakuwa na picha hata moja ya kazi zake. Ukimwuliza amefanya nini duniani, alivuta sanduku lile kutoka chini ya benchi.

Alifika Kibaha mwaka 1974, fundi kijana aliyetoka shule ya ufundi ya Ifunda. Mradi uliojengwa na nchi za Nordiki tangu 1963, wenye shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, ulikuwa umekwisha kukabidhiwa kwa Tanzania, Januari 10, 1970, na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Mwaka mmoja baada ya yeye kufika, serikali ikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi kwa mfano wa vile vya Uswidi. Kibaha ya siku hizo iliamini kwamba mtu aliyeshika kalamu asubuhi anaweza kushika patasi mchana na asipungukiwe chochote. Mjomba alifundisha useremala kwa imani hiyo zaidi ya miaka 30. Mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao alimwachia patasi sita za Eskilstuna, Uswidi, zenye alama ya papa kwenye chuma. Alizinoa mpaka mbili kati yake zikabaki na urefu wa kidole.

Kwetu Uzaramoni ukoo hufuatwa kwa mama, na mjomba si ndugu wa pembeni. Zamani mpwa alikuwa na haki katika mali ya mjomba wake kuliko hata watoto wa mjomba huyo. Hata jina tunagawana: yeye ni mjomba wangu, naye akiniita huniita mjomba. Kwa hiyo yule aliyekuwa chini ya mwembe akiandika kilo na bei ndiye aliyepaswa kuzipokea zana zile kwa mikono miwili. Nilisoma, nikaajiriwa Dar es Salaam, nikapanga nyumba isiyo na hata pembe ya kuwekea benchi. Mjomba mwenyewe alitaka nisome. Lakini hakuna aliyetuambia, wala sisi hatukuuliza, kwa nini kusoma kulimaanisha kuiacha randa. Shuleni ufundi uliachiwa waliofeli, tukakua tukiamini kwamba mikono ni mahali mtu anapoangukia akili ikimshinda. Wazee wetu wa Kisarawe walichonga mwanahiti, kile kinyago kidogo kisicho na mikono wala miguu, chenye nywele za mafungu mawili, alichokuwa nacho mwali akiwekwa ndani. Leo utavikuta katika makabati ya vioo ya makumbusho ya Ulaya, vikiangaziwa taa. Waliovichonga hawakuwa wamefeli kitu.

Mnunuzi wa kwanza, nisije nikamsahau, alitaka benchi. Mbao yake ya juu ni mvule wa unene wa inchi nne, na mvule una mawe ndani yake, mawe ya kweli, yanayoua makali ya msumeno bila kukuonya. Mjomba alilitengeneza kwa miezi mitano. Mnunuzi alilipima kwa hatua, akaridhika: litamfaa kwenye kibanda chake cha chipsi. Wa pili alikuwa seremala, kijana wa sofa kutoka Maili Moja. Huyo nilimpenda. Alizishika patasi kwa adabu, akajaribu makali kwenye ukucha, akacheka kwa furaha yalipong'ata. Kisha akazirudisha mahali pake na kununua mashine za umeme tu. “Mzee, hizi ni nzuri kuliko zangu,” alisema. “Lakini mteja anataka sofa Ijumaa.” Sina la kumlaumu. Mteja huyo ni mimi. Sofa iliyo sebuleni kwangu iliagizwa Jumatatu ikaletwa Ijumaa, na mguu wake mmoja umeshafungwa waya.

Kwa sababu mti hauharakishwi. Mjomba alipanga mbao zake kivulini, akazitenga kwa vijiti ili upepo upite, mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na alizigeuza kama mgonjwa anavyogeuzwa kitandani. Hata hizo mbao zenyewe ziko wapi? Alipoanza kazi, mninga, unaovuja utomvu mwekundu kama damu ukikatwa, aliupata kwa wapasuaji wa hukuhuku Pwani. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imebaki vipande, na miaka yote hiyo magunia ya mkaa yamekuwa yakishuka kutoka Kisarawe kwenda kuivisha wali na maharage ya Dar es Salaam, wangu ukiwamo. Siku hizi lori huleta paini kutoka Sao Hill, Mufindi. Paini si mti mbaya. Ubaya ni kwamba huuzwa ungali na maji, hupigwa msumari ungali na maji, hupakwa vanishi ungali na maji, na kukauka kwake hufanyikia nyumbani kwa mtu, huku ukijipinda na kutafuta njia ya kutokea.

Jioni ile kirikuu kilipokuja kubeba mizigo, kulikuwa na kitanda, jiko, viti viwili, magodoro na sanduku la nguo. Patasi hazikuuzwa; alimpa kijana wa sofa, bure, siku moja kabla ya kuondoka, baada ya kumpigia simu mara tatu aje kuzichukua. Sanduku la vipande alinipa mimi. Liko chini ya kitanda changu, na siku nyingine hutoa kipande kimoja, nikakilowesha kwa mate na kukisugua ili harufu iamke. Mkongo wa 1986 bado unanukia. Penseli imeanza kufutika, nami siiandiki upya, kwa kuwa mwandiko utakuwa wangu.

Nilikwenda Maneromango mwezi Mei, masika ikiwa haijakatika. Nyumba ni nzuri. Ina sakafu ya vigae, bati la rangi, na baraza inayotazama minazi ya bibi. Nilipiga hodi, nikamsikia akisema karibu, kisha nikasubiri. Mlango ulikuwa mpya, wa dukani, umepakwa vanishi nyekundu kuigiza mninga, na ulikuwa umevimba. Ilibidi auvute kwa mikono yote miwili.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Usiuone hivyo. Mvua tu.”

Tulikula, tukazungumza habari za ukoo, mpaka giza likaingia. Akaenda kuufunga. Ukagoma chini, upande wa kitasa. Alipitisha kidole gumba ukingoni, toka juu kwenda chini, akasimama mahali fulani, akarudi nyuma kidogo, akasimama tena.

“Ni hapa tu,” alisema. “Mapito manne. Matano, tuseme.”

Akanyoosha mkono juu ya dirisha, akachukua mpini wa mpingo. Akauweka kwenye ukingo wa mlango, bila chuma, bila kisu, kidole cha shahada kimetangulia. Mguu wa kushoto ukaenda mbele wenyewe. Kiuno kikageuka. Akasukuma, akarudi, akasukuma. Nilihesabu mapito matano. Kisha akaurudisha mpini dirishani, akaunyanyua mlango kwa bega, nao ukafunga.