Wastani na Mkono Uliopata Moto

Kuna ubishi usiokwisha popote watu wakaapo kutazama mpira wa kikapu. Mchezaji amefunga mitupo mitatu mfululizo. Mmoja anapiga kelele: mpeni mpira, mkono wake umepata moto! Mwenziwe, mshika hesabu, anamjibu kwamba mtu huyo hufunga mitupo 45 katika kila 100, na mtupo wa nne hauna habari za ile mitatu. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa upande wa mshika hesabu, tena kwa kiburi kidogo. Nimerudi nyuma, ingawa sikufika kwa mpiga kelele.

Kiburi changu kilitokana na utafiti wa wataalamu watatu, Thomas Gilovich, Robert Vallone na Amos Tversky, uliochapishwa mwaka 1985. Waliwauliza mashabiki 100, na 91 kati yao walisema mchezaji aliyetoka kufunga mara mbili au tatu ana nafasi kubwa zaidi ya kufunga tena kuliko aliyetoka kukosa. Kisha wakapekua kumbukumbu za timu ya Philadelphia 76ers za msimu wa 1980-81. Baada ya kufunga, wachezaji walifunga asilimia 51 ya mitupo iliyofuata. Baada ya kukosa, asilimia 54. Basi wakahukumu kuwa mkono wa moto ni njozi ya macho yetu.

Hukumu hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza mtazamaji yeyote angeiona: mtu akianza kufunga, walinzi humsogelea, naye mwenyewe hujaribu mitupo ya mbali na migumu zaidi. Akibaki na asilimia ileile, huenda amekuwa bora.

Ya pili ilijificha katika hesabu zenyewe, na ilifichuliwa na Joshua Miller na Adam Sanjurjo katika makala yaliyochapishwa mwaka 2018. Rusha sarafu mara tatu, na kila upatapo kichwa andika mrusho unaofuata umeleta nini. Matokeo yawezekanayo ni 8. Katika 2 hakuna cha kuandika. Katika 6 yaliyobaki, tafuta sehemu ya vichwa vilivyofuata kichwa, kisha chukua wastani wa sehemu hizo. Utapata tano juu ya kumi na mbili, yaani kama asilimia 42, wala si 50! Katika mfululizo mfupi, kipimo hiki humpunja anayefuatia kufunga. Kwa hiyo mchezaji anayefunga sawasawa baada ya kufunga na baada ya kukosa anaweza kuwa ameonyesha moto. Mashabiki walikuwa na haki kuliko nilivyowapa, ingawa walitia chumvi.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Tazameni fainali za mwaka 1994 kati ya New York Knicks na Houston Rockets. Katika mchezo wa sita John Starks alipata pointi 27, na 16 kati ya hizo zilikuwa za robo ya mwisho. Katika mchezo wa saba alifunga mitupo 2 kati ya 18, na kati ya 11 ya pointi tatu hakufunga hata mmoja. Knicks walishindwa kwa 90 kwa 84. Rolando Blackman, mpiga mitupo mzoefu, alikaa benchi mchezo mzima.

Ningetaka kumtetea kocha Pat Riley, ningeweza kutumia hoja zote mbili. Mpiga kelele angesema Starks alikuwa moto siku tatu kabla. Mshika hesabu angesema mtu hawezi kukosa daima, wastani wake utarudi. Hoja ya kwanza inachukua moto wa juzi kuwa moto wa leo. Ya pili inaudhani wastani kuwa mdeni ambaye lazima alipe kabla ya filimbi. Wastani hauna deni na mtu.

Miaka 24 baadaye, Mei 2018, Houston walikutana na Golden State katika mchezo wa saba wa fainali ya Magharibi. Msimu huo walikuwa wakifunga kama asilimia 36 ya mitupo yao ya pointi tatu, nayo ndiyo iliyowapa ushindi mara 65. Siku hiyo walikosa 27 mfululizo, wakamaliza na 7 kati ya 44, na kushindwa kwa 101 kwa 92. Kwa wastani ule, kukosa mara 27 mfululizo kwa bahati tupu hakufiki mara moja katika laki moja. Lakini wastani ule ulipatikana Chris Paul akiwapo, naye siku hiyo alikuwa majeruhi.

Hapo ndipo lilipo swali langu kwa kila wastani: ulipatikana wapi, na katika hali gani? Sisi Watanzania tulijifunza hili kwa Hasheem Thabeet. Katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa akizuia mitupo zaidi ya 4 kwa mchezo, na mwaka 2009 Memphis wakamchagua wa pili, huku Stephen Curry akichaguliwa wa saba. Katika ligi ya kulipwa, ukijumlisha misimu yake yote, wastani wa Thabeet haukufika hata pointi 3 kwa mchezo. Takwimu zake za chuoni hazikudanganya. Zilisema kweli juu ya chuo, na watu wakazisoma kama habari za ligi nyingine.

Basi siku hizi naanza na wastani, kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba, na mitupo elfu moja ina ushahidi kuliko mitatu. Kisha naitafuta sababu: goti, uchovu, mlinzi mpya, mwenzake aliyeumia. Nikiiona, naiamini hali ya leo. Nisipoiona, nasubiri, lakini macho yangu hayatoki uwanjani. Anayekaa benchi au kuingizwa ni mtu, na riziki yake imo humo. Hastahili kuhukumiwa na mtu aliyeinamia karatasi tu.