Mwezi wa nne, tazama kisogo

Mtu aliyepandikiza nywele, ikifika mwezi wa nne baada ya upasuaji, huwa na sura ya mtu aliyetapeliwa. Magamba yalishadondoka zamani, nywele zilizopandwa nazo zikadondoka, na pale mbele vimebaki vinywele vichache vyembamba visivyofunika kitu. Pengine hata nywele zake za asili zilizokuwa jirani zimepukutika kwa mshtuko wa upasuaji, hivyo kwenye picha anaonekana ana upara kuliko siku aliyoingia kliniki. Anawatumia jamaa picha na kuwauliza: imeshindikana? Mmoja anamwambia avute subira, mwingine anamwambia kaibiwa. Mara nyingi wote wawili hawajaitazama picha inavyostahili.

Kuhusu wingi wa nywele, picha hiyo haina la kusema. Kipandikizi ni kipande kidogo cha ngozi chenye mzizi wa nywele moja hadi nne, kilichotolewa kisogoni. Kikishapandwa, unywele wake huanguka ndani ya wiki chache, lakini mzizi unabaki chini ya ngozi, umeingia katika mapumziko ya kama miezi mitatu. Ukiamka, hutoa unywele mwembamba unaorefuka kama sentimita moja kwa mwezi na kunenepa polepole. Kufikia mwezi wa sita mtu huwa ameona sehemu tu ya matokeo. Mwaka mmoja ndio kipimo cha mbele, na utosi huchelewa zaidi, wakati mwingine hadi miezi 18. Anayehukumu wingi mwezi wa nne anabahatisha, hata akiwa ni daktari mwenyewe.

Ila yapo mambo ambayo muda hauyabadilishi, na hayo yanaonekana mapema sana. La kwanza ni mpaka wa mbele. Mpaka wa asili una ncha na mabonde madogo, na safu zake za mwanzo ni za vipandikizi vya unywele mmoja mmoja. Vyenye nywele mbili au tatu hukaa nyuma yake. Ukiona mstari ulionyooka kwa rula, au nywele tatu zikichomoza kwenye kitobo kimoja pale paji linapoanzia, basi hata kila mzizi ukiota, kitakachoota ndicho hicho hicho kwa wingi zaidi. La pili ni mwelekeo. Nywele za mbele hulala kuelekea usoni, na za panjani hushuka zikikaribia kugusa ngozi. Daktari akitoboa wima, nywele zitasimama wima maisha yote, na hakuna kitana kitakachozilaza.

La tatu, ambalo wagonjwa wengi husahau kulipiga picha, ni kisogo. Mzizi uliotolewa haurudi. Nywele zikiwa fupi, vidoa vya pale palipotobolewa vinatakiwa vitawanyike sawasawa, huku nywele zilizobaki zikivificha. Mabaka yaliyo wazi maana yake daktari alivuna mahali pamoja kwa pupa, au alivuka eneo salama akaingia kwenye nywele ambazo nazo zitakuja kupotea. Akiba ya kisogo kwa watu wengi ni vipandikizi elfu chache tu kwa maisha yote, na upara wenyewe hausimami kwa sababu mtu amefanyiwa upasuaji.

Historia ya kazi hii inaonyesha vizuri ugumu uko wapi. Nchini Japani, Shoji Okuda aliandika mwaka 1939 jinsi alivyohamisha vipande vya ngozi yenye nywele, lakini vita vikaizuia kazi yake isijulikane kwingine. Mwaka 1952 huko New York, Norman Orentreich alianza kuhamishia nywele za kisogoni kwenye upara wa wanaume, na mwaka 1959 akachapisha alichogundua: nywele huendelea na tabia ya mahali zilikotoka, hata zikipandwa penye upara. Ziliota kweli. Tatizo ni kwamba vipande vyake vilikuwa na upana wa milimita 4 hivi, na vichwa vingi vya zama zile vilionekana kama shamba la mpunga uliopandwa kwa mafungu. Kwa hiyo kuotesha kulishapatiwa ufumbuzi tangu wakati huo. Miongo iliyofuata ilikwenda kwenye kupunguza ukubwa wa kipande: hadubini za kuchambulia mizizi, kisha, kuanzia miaka ya 1990, kupanda kila kifungu cha asili peke yake, na baadaye kukitoa kimoja kimoja bila kukata ukanda wa ngozi.

Kwa nywele zetu za kipilipili kuna jambo jingine. Mzizi wake umepinda chini ya ngozi. Kifaa cha kutobolea kikishuka kwa kufuata mwelekeo wa unywele unaoonekana juu, kinaukata mzizi katikati, na kilichokatwa hivyo huenda kisiote. Daktari aliyezoea nywele zilizonyooka anaweza kuharibu mamia kabla ya kushtuka. Mwenye uzoefu huanza na vipandikizi vichache vya majaribio, anavikagua, anabadilisha kifaa au pembe, ndipo anaendelea. Pia anauliza kama una historia ya keloidi. Faida nayo ipo: nywele zilizojikunja hufunika ngozi zaidi, kwa hiyo vipandikizi vichache vinaweza kutosha. Kwa wanawake waliopoteza nywele za pembeni kwa kusuka kwa kubana sana, kupandikiza kunawezekana, ila kusuka huko kukiendelea, nazo zilizopandwa zitakwenda.

Sasa, kumchagua daktari. Picha za matangazo nazitilia shaka mpaka nione taa ni ile ile, pembe ni ile ile, nywele zimelowa na kuchanwa nyuma, na kisogo kimeonyeshwa. Omba za mwaka mmoja, za watu wenye nywele kama zako. Kisha uliza nani atashika kifaa. Istanbul imekuwa kituo kikubwa cha kazi hii, ina madaktari hodari, lakini zipo kliniki ambako daktari anachora mstari, anasalimia, kisha mafundi wanatoboa mpaka jioni. ISHRS, jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa fani hii, inaendesha kampeni dhidi ya mtindo huo. Ukiahidiwa vipandikizi 5,000 kwa siku moja, uliza vitakaa saa ngapi kwenye sahani vikisubiri kupandwa, maana kadiri vinavyokaa nje ya mwili ndivyo vingi vinavyokufa. Uliza pia kama hesabu hiyo ni ya vipandikizi au ya nywele. Wapo wanaochanganya makusudi.

Binafsi humwamini zaidi daktari anayekataa kazi. Kijana wa miaka 23 akitaka mpaka wa mbele ushuke kama alivyokuwa shuleni, daktari huyo atapima kisogo kwa lenzi, atauliza kuhusu vichwa vya baba na wajomba, atamwandikia dawa ya kupunguza kasi ya upara, na kumwambia arudi baada ya mwaka. Kliniki ya jirani itamfanyia wiki ijayo. Akifika miaka 40 atakuwa na ukanda wa nywele mbele, uwazi nyuma yake, na kisogo kisichokuwa na cha kuongeza.