Rangi ya chaki na mawe ya Mashyuza

Mwaka 1990 Annie Sloan, mpambaji wa Oxford nchini Uingereza, aliingiza sokoni rangi ya maji aliyoiita rangi ya chaki, yenye sifa tatu zilizowapendeza wapenda samani: inashika juu ya rangi ya zamani bila maandalizi mengi, inakauka bila mng'ao, na inasuguliwa kwa msasa kirahisi, hata anayetaka kabati lake lionekane la zamani anaweza kuchakaza kingo kwa dakika chache. Mchanganyiko wake kamili ni siri ya biashara. Kilichoenea majumbani ni uigaji: rangi ya maji ya ukutani, unga mweupe na maji kidogo. Vipimo vinavyosambaa zaidi ni vikombe vitatu vya rangi, kimoja cha unga na kimoja cha maji. Lakini wanaogawa vipimo hivyo mara nyingi husema "unga mweupe" kana kwamba unga mweupe ni mmoja, na hapo ndipo kazi nyingi huharibikia.

Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda ni mahali pazuri pa kulichambua jambo hili, kwa kuwa wilaya yenyewe imekalia unga huo. Kule Nyakabuye, upande wa Bugarama, chemchemi za maji moto za Mashyuza hutoka ardhini zikiwa zimebeba madini. Maji yenye hewa ya ukaa huyeyusha mawe ya chokaa huko chini. Yakifika juu, hewa ile hutoroka, na madini yaliyokuwa yameyeyuka hugandamana tabaka juu ya tabaka mpaka kuwa jiwe liitwalo travatini. Jiwe hilo ndilo linalolisha kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanzishwa mwaka 1984. Kikemia ni kalisiamu kaboneti, kitu kilekile ambacho viwanda vya rangi duniani kote husaga na kutia kwenye makopo yao ili kujaza na kupunguza mng'ao.

Jiwe hilo likibaki bichi na kusagwa tu, linakuwa unga mpole. Halili gundi ya rangi, halichomi ngozi, halibadiliki ndani ya ndoo. Likichomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 900 hivi, hadithi inageuka. Hewa ya ukaa inatoka, kila kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56, na kinachobaki ni chokaa kali ambayo ikimwagiwa maji huchemka yenyewe. Ikishapoa inakuwa chokaa iliyozimwa, ile ya kupaka ukutani, nayo bado ni kali mno: hubabua mikono na ni hatari kwa macho.

Kwa ukuta, ukali huo ndio faida. Kwa karne nyingi nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zimepakwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Chokaa ile hunywa hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe juu ya jiwe. Kwa kabati ni balaa. Kwanza, rangi nyingi za bei nafuu za ukutani hushikiliwa na gundi ya jamii ya gundi nyeupe ya seremala, na gundi hiyo huvunjwavunjwa na chokaa. Pili, kabati lenyewe kwa kawaida limeshapakwa rangi ya mafuta, na chokaa ikikutana na mafuta hutengeneza sabuni. Unapaka leo, baada ya muda tabaka la chini linalegea na kubanduka pamoja na la juu. Anayepewa ushauri wa kutia chokaa ya ukutani kwenye rangi ya samani aukatae bila kuona haya.

Unga wa tatu ni plasta ya Paris, ile ya dari na ya kufungia mfupa uliovunjika. Hii ni jasi iliyopashwa moto hadi ikapoteza robo tatu ya maji yake. Ikiguswa na maji inayarudisha na kuganda, mara nyingi ndani ya nusu saa. Wanaoisifu wanasema inatoa uso mgumu na laini, na kweli inafanya kazi, ila fundi anakimbizana na ndoo. Vipande vidogo vinaanza kuganda ndani ya rangi, anaongeza maji ili kulainisha, na kila anapoongeza maji anapunguza nguvu ya gundi. Atakayeitumia aikoroge kwanza na maji peke yake mpaka isiwe na madonge, ndipo aimimine kwenye rangi, tena kiasi cha kumalizika siku ileile.

Mimi nachagua jiwe bichi. Tatizo ni kulipata na kulitambua. Ishwagara, chokaa ya shambani ambayo wakulima wa Rwanda hutumia kutibu udongo wenye asidi, mara nyingine ni travatini iliyosagwa tu, mara nyingine ni iliyochomwa, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Tia kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji: ikipata joto, iachie shamba. Isipopata joto, dondoshea maji ya ndimu kwenye unga mkavu. Ikitoa povu la haraka, kuna kaboneti ndani yake. Povu peke yake lisikuridhishe, maana chokaa iliyozimwa ikikaa wazi muda mrefu hurudi kuwa kaboneti kwa sehemu na itatoa povu kidogo nayo. Ndiyo sababu glavu na miwani zivaliwe mpaka ujue ulichonacho, na barakoa wakati wote unaposhika unga.

Unga wa shambani ni mkwaruzo mtupu ukiupaka kama ulivyo. Dawa yake ni ya zamani na haina gharama: ukoroge kwenye ndoo ya maji, subiri dakika moja au mbili chembe nene zizame, kisha mimina maji meupe ya juu kwenye ndoo nyingine na uyaache yatulie usiku kucha. Asubuhi mwaga maji safi yaliyo juu. Tope laini lililobaki likauke, lipondwe na lipitishwe kwenye kitambaa chepesi. Rangi yake inaweza kuwa na umanjano kidogo kwa sababu ya chuma kilichomo kwenye jiwe. Kwa anayetaka krimu au kijivu cha joto hilo ni jambo jema, kwa anayetaka weupe kabisa ni kero. Asiye na subira asage chaki za shule. Nyingi siku hizi ni za jasi, lakini ni jasi ambayo imeshaganda, kwa hiyo haitaganda tena ndani ya ndoo.

Sasa tuje kwenye kiini, ambacho kwa maoni yangu hakizungumzwi vya kutosha: uwiano wa unga na gundi. Tabaka la rangi likikauka linabaki na vitu viwili vikubwa, chembe za unga na gundi inayozizunguka. Gundi ikiwa nyingi, uso unakuwa laini na unang'aa. Unga ukiongezeka, chembe zinachomoza juu, mwanga unatawanyika na mng'ao unakufa. Ukiendelea kuongeza unafika mpaka ambapo gundi haitoshi kujaza nafasi zilizo kati ya chembe. Hapo uso unabaki na vitundu, unanyonya doa la chai, na ukipitisha mkono unatoka na vumbi. Rangi ya chaki inaishi karibu sana na mpaka huo.

Rangi ya kung'aa huwa na unga chini ya robo ya ujazo wa tabaka lililokauka, wakati ile ya ukutani isiyong'aa hufika nusu au zaidi. Kwa hiyo ukinunua rangi ya dari ya bei rahisi, ambayo kiwanda kimeshaishindilia unga, kisha ukaiongezea kikombe kizima, umeshavuka mpaka kabla hujachovya brashi. Nunua rangi ya maji yenye mng'ao wa wastani, hata kama ni ghali kidogo. Anza na vikombe vitatu vya rangi kwa nusu kikombe cha unga, paka kipande cha ubao, kiache kikauke siku nzima, kisha kisugue kwa kitambaa cheusi. Kitambaa kikibaki safi na uso bado unang'aa, ongeza unga. Kikichafuka, ongeza rangi.

Kuhusu maandalizi, sifa ya "bila msasa" naipokea nusu. Kabati la jikoni lina mafuta ya kupikia juu yake, na juu ya mafuta hakuna rangi ya maji inayoshika. Lioshwe kwa sabuni, lisuguliwe kidogo kwa msasa wenye maji ili vumbi la rangi ya zamani lisipae, kwani huenda lina risasi. Mbao tupu za mkaratusi zina hila nyingine: tanini yake hupanda kupitia rangi ya maji na kuacha madoa ya kahawia, hata upake mara nne. Tangulia na praima ya mafuta.

Mwisho ni kuziba vile vitundu. Nta ya nyuki inafaa, na wafugaji wa nyuki wanaozunguka msitu wa Nyungwe wanayo. Iyeyushwe ndani ya chombo kilichoketi kwenye maji ya moto, iepuliwe na kupelekwa mbali na moto, ndipo iongezwe tapentaini mara tatu ya uzito wake. Inapakwa nyembamba kwa kitambaa na kung'arishwa kesho yake. Lakini nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na sufuria ya ugali ni moto kuliko hapo. Kabati, kiti na fremu ya kioo vipakwe nta. Meza ya kulia chakula ipakwe vanishi ya maji, mikono miwili au mitatu.