Risiti za saruji zilivyookoa milioni za nyumba ya Tabata

Maandishi ya "NYUMBA HII HAIUZWI" yamejaa kwenye kuta za Dar es Salaam. Huyaandika ndugu wanaogombea mirathi, au mwenye nyumba aliyesikia mali yake ikitembezwa na mtu asiyemfahamu. Nyumba inayouzwa kweli mara nyingi haina hata kibao. Inaandaliwa ndani kwa ndani, na kazi kubwa ya maandalizi hayo ni makaratasi, wala si rangi na vigae kama wengi wanavyodhani.

Ninayoichambua hapa iko Tabata: vyumba vitatu, sebule, na banda la uani. Mume ni mwalimu wa sekondari mwenye miaka 53, mke ana duka la vitenge. Watoto wameshaondoka, wa mwisho yuko chuo Dodoma. Mama mzazi wa mume anaumwa huko Same na kila mwezi kuna nauli na dawa. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, kwa hiyo hesabu yao ilikuwa wauze sasa na wajenge nyumba ndogo Kibaha wakati mshahara bado unaingia, badala ya kusubiri kiinua mgongo. Majirani walisema wamefilisika. Mimi nasema walipiga hesabu ambayo wengi wetu tunaikwepa mpaka tunapofika 60.

Kiwanja walikinunua milioni 6 mwaka 2008. Wakajenga kama tunavyojenga wote: msingi mwaka huu, kupandisha kuta mwaka unaofuata, kupaua baada ya mkopo wa SACCOS, kisha kuhamia kwenye pagale lisilo na dari. Kuna miaka ambayo mradi mzima ulikuwa mifuko kumi ya saruji. Mnunuzi alipopatikana, bei ilisimama kwenye milioni 95.

Hapo ndipo kodi ya ongezeko la mtaji inapoingia. Mkazi anayeuza nyumba hutozwa asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua, kujenga, kuboresha na kuuza. Kuna msamaha: kama nyumba ni makazi yako, umeimiliki kwa miaka mitatu mfululizo au zaidi, umeishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, na faida haizidi milioni 15, hulipi. Ikizidi hapo, msamaha haupo. Asiye na kumbukumbu za gharama ana njia yake: asilimia 3 ya bei aliyopokea au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Ndiyo maana ule mchezo wa kuandika bei ndogo kwenye mkataba haumsaidii muuzaji, maana thamani inayotumika imepita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali.

Mke ndiye aliyekuwa mtunza nyaraka. Risiti zote zilikuwa kwenye mfuko wa rambo, ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Juni 2019, umening'inizwa stoo nyuma ya madaftari ya watoto. Alipoumwaga mezani zikatoka risiti za aina mbili. Za kuandikwa kwa mkono, za lori la mchanga, kokoto na matofali, zilikuwa zimekunjamana na kuingia kutu za pini, lakini zilisomeka: tarehe, tripu ngapi, shilingi ngapi, sahihi ya dereva. Zile za mashine za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010 na ambazo ndizo zenye uzito mbele ya ofisa wa kodi, zilikuwa nyeupe. Karatasi ile haina wino. Maandishi hutokea kwa joto la mashine, na joto la stoo chini ya bati huyafuta taratibu. Mabati, nondo, vigae, masinki: vipande vyeupe vya karatasi laini, vingine vimebaki na kivuli cha jina la duka tu.

Wakajumlisha zilizosomeka. Ujenzi ulifika milioni 48. Ukiongeza kiwanja inakuwa milioni 54, faida milioni 41, kodi milioni 4 na laki moja. Wangesimama kwenye njia ya asiye na kumbukumbu, asilimia 3 ya milioni 95 ni milioni 2 na laki nane na nusu. Mtu mwenye kumbukumbu nusu, kwa hesabu hiyo, analipa zaidi ya asiye na hata karatasi moja. Binafsi naona hapo sheria inamwadhibu aliyejitahidi. Halafu kuna mfumuko wa bei, ambao hauguswi kabisa: shilingi uliyonunulia saruji mwaka 2010 inahesabiwa sawa na shilingi ya leo, kwa hiyo sehemu ya hiyo inayoitwa faida ni fedha kushuka thamani.

Walichofanya baadaye ndicho kilichonifanya niandike. Hawakukimbilia kwa mtu wa kutengeneza risiti, na wapo. Walikwenda SACCOS kuchukua taarifa ya mikopo, wakaenda benki kuchukua taarifa ya akaunti ya miaka ile. Kila mkopo ulipotoka, ndani ya siku chache kulikuwa na malipo kwenye duka la vifaa. Duka moja la mabati lilikuwa bado na vitabu vyake, likawapa nakala za ankara zenye mhuri. Daftari la mke likafunga mapengo: kila alipomlipa fundi, aliandika kiasi na kumtaka fundi atie sahihi. Ofisa angeweza kulikataa daftari peke yake. Likiwa pamoja na taarifa ya benki inayolingana tarehe kwa tarehe, lilikuwa na nguvu. Ujenzi ukapanda hadi milioni 74.

Bado faida ilikuwa milioni 15 kamili, pembeni kabisa ya mstari, ambapo ofisa akikataa risiti moja tu msamaha unaondoka. Gharama za kuuza ndizo zilizowapa nafasi. Wakili alitoa risiti. Dalali alikuwa kazi nyingine.

"Mzee, mimi na risiti wapi na wapi? Nipe changu mkononi tumalizane."

"Bila risiti, kijana wangu, mimi ndiye nitakayekulipia kodi."

Dalali alishazoea kuweka cha juu, yaani kumtajia mnunuzi bei kubwa na tofauti ibaki mfukoni mwake. Mwalimu alikataa hilo mapema kwa kuwakutanisha wote watatu mezani, bei ikatajwa mbele ya kila mtu, na kamisheni ikaandikwa ndani ya mkataba. Dalali akanuna, akatia sahihi, na risiti ikapatikana. Wakili na dalali kwa pamoja walifika milioni 2. Faida ikawa milioni 13, kodi sifuri.

Mengine yalikuwa ya kawaida. Hati ilikuwa ya jina la mume peke yake, lakini kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimruhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo mke alitia sahihi yake ya ridhaa mbele ya wakili. Pango la ardhi lilikuwa na deni la miaka miwili, likalipwa. Kodi ya majengo haikuwa tatizo, inakatwa kwenye LUKU tangu 2021.

Kuhusu ukarabati walifanya kidogo kuliko walivyoshauriwa, na walikuwa sahihi. Waliziba paa, wakakwangua chumvi iliyopanda chini ya ukuta wa uani, basi. Wakaruhusu wateja waje hata masika, Aprili, mvua ikinyesha. Mnunuzi aliyeona maji yanapita barabarani na hayaingii uani hakuhitaji kuambiwa zaidi. Rangi mpya juu ya ukuta wenye unyevu ingemfanya aulize kinachofichwa.

Na wewe unayepandisha kuta mwaka huu, usisubiri miaka 15. Ukitoka dukani na risiti ya EFD, itoe kopi siku hiyo hiyo, andika juu yake kwa kalamu ni ya kiwanja gani na kazi gani, uiweke kwenye faili lisilo stoo. Msajili wa Hati hatasajili uhamisho wa nyumba yako mpaka aone cheti cha TRA, na TRA itakuuliza ulitumia shilingi ngapi.